Tupeane uzoefu: dakika 20 za gitaa kwa anayeanza, azitumieje?

Nyuzi_Sita: Wadau, swali la kila siku ni "nipige kwa muda gani kwa siku?" Kurudia wimbo mzima kwa saa mbili ni kuzoesha mkono kukosea palepale. Dakika 20 zinatosha zikiwa na lengo moja. Mnalichaguaje?

RidhimuTu: Tafuta mkono unapokwama, kaa hapohapo. Kodi zenyewe (za gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si za TRA) huwa hazina shida, shida ni kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Mfano C kwenda A maina. Uzi wa 1 ndio mwembamba kuliko wote, na freti ni vile vyuma vilivyolala kukatiza shingo, huhesabiwa kutoka kichwani. Kwenye C, kidole cha shahada kiko uzi wa 2 freti ya 1, cha kati uzi wa 4 freti ya 2, cha pete uzi wa 5 freti ya 3. Kinachohama ni cha pete tu: kinakwenda uzi wa 3 freti ya 2. Wengi huinua vidole vyote na kuanza kupapasa upya. Weka saa ya simu dakika moja, hesabu umehama mara ngapi, andika. Ukisikia uzi umekufa (hautoi sauti safi), hiyo usihesabu.

Gumba_Besi: Naongeza mkono wa kulia, unasahaulika sana. Kushoto kukichelewa, kulia nako husimama kungoja, na mdundo umeshakufa. Metronomu (kifaa au programu ya simu inayogonga mdundo) iwe mapigo 60 kwa dakika, mkono ushuke na kupanda hata kama kodi haijakaa. Ukipatia mara nane mfululizo, panda hadi 64. Ukikosea mara mbili, rudi 56, hakuna aibu.

Mdau mpya: Na kodi ya F jamani? Inanguruma tu.

RidhimuTu: Anza na F ndogo ya nyuzi nne: cha pete uzi wa 4 freti ya 3, cha kati uzi wa 3 freti ya 2, shahada ilale nyuzi za 2 na 1 kwenye freti ya 1. Ilaze kwa ubavu, maana upande wa tumbo uzi huzama kwenye mikunjo ya kidole. Gusa uzi mmoja mmoja usikie upi unagoma.

Fundi_Shingo: Kabla hujalaumu kidole, bana uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, kisha tazama juu ya freti ya 1. Nafasi iwe nyembamba kama unywele. Ikiwa pana, kile kipande kinachobeba nyuzi karibu na kichwa kiko juu mno. Mpe fundi azamishe mifereji yake, taratibu, kwa tupa nyembamba. Akizidisha, uzi utagonga freti na kipande kitabadilishwa.