Stata ya mashine ya boti inalia "ta" tu, haizunguki

Ndugu zangu, naomba ushauri. Mashine ni ya nguvu farasi 40, navushia abiria Lamu na Mokowe. Nikizungusha ufunguo, stata inalia "ta" mara moja, kisha kimya. Gia iko nyutro. Betri inasoma volti 12.6, nikiwasha inashuka hadi 12.4 tu, kwa hivyo naona moto haufiki kwenye stata. Waya wa hasi, pale unapofungwa kwenye injini, umeota kutu ya kijani mpaka ndani ya plastiki. Maji chumvi hayana huruma! Kwa kamba inawaka vuto la kwanza. Fundi ashaniambia ninunue stata mpya. Mimi naona ana haraka. Nianze na waya, au solenoidi, ile swichi inayopeleka moto kwenye stata, ndiyo imekufa? Naipimaje bila kuifungua?