Kambale: mayai mengi yanageuka meupe, nitajuaje kama kosa ni la dume?

Vifaranga_Kwanza:
Wakuu, naomba msaada wenu. Nazalisha kambale (Clarias gariepinus) kwa kukamua majike na kutoa korodani za dume. Majike wana kilo 1 hadi 1.5, nawadunga pituitari (homoni ya tezi ya ubongoni inayoivisha mayai), joto la maji ni nyuzi 26 hadi 27, na mayai yanatoka bila kulazimisha. Madume wana korodani nene, nyeupe kama maziwa. Hata hivyo, kila awamu karibu theluthi mbili ya mayai yanageuka meupe na kuharibika. Korodani nazitoa mapema, nazikatakata kwenye maji ya chumvi, nazijaza kwenye kichupa na kukifunika, halafu friji hadi jike awe tayari. Chumvi napima kwa kijiko. Tatizo ni mbegu au mayai? Na weupe wa korodani unatosha kuwa kipimo?

Jicho_la_Hadubini:
Weupe hautoshi, mkuu. Unaonyesha kwamba mbegu zipo nyingi, hauonyeshi kama zinaogelea.

Mbegu za samaki zikiwa ndani ya korodani zimelala, hazichezeshi mkia. Kwa samaki wa maji baridi kama kambale, kinachozilaza ni wingi wa chumvichumvi katika majimaji yanayozizunguka. Zikigusana na maji ya kawaida zinaamka papo hapo na kuogelea kwa kasi, kisha nguvu inaisha. Kwa kambale hesabu kama dakika moja, na sekunde za mwanzo ndizo za maana zaidi. Mbegu iliyokwisha kuamka na kuchoka ni hasara.

Ndiyo maana hicho kijiko kinanitia wasiwasi. Maji ya chumvi yanatakiwa yawe ya asilimia 0.9: gramu 9 za chumvi, ongeza maji safi hadi ifike lita 1, upime kwa mizani. Ukiweka gramu 5 tu, mbegu zinaamka humo humo kwenye kichupa, na ukifika wakati wa kurutubisha unamwagia mayai mbegu zilizokwisha kazi.

Kujua ni rahisi ukiwa na hadubini yenye ukuzaji wa mara 100 hadi 400. Chovya ncha ya sindano kavu kwenye manii, changanya na tone la maji yako ya chumvi juu ya kioo, angalia. Zikiwa zinaogelea kabla hujaongeza maji ya kawaida, maji yako ya chumvi ni mepesi mno. Zikiwa zimetulia, ongeza tone la maji ya kutotoleshea na uangalie hapo hapo. Ukichelewa sekunde 30 utamhukumu dume bure. Kwa dume mzuri utaona sehemu kubwa ya mbegu zikichemka pande zote. Zinazotetemeka mahali pamoja bila kusonga mbele usizihesabu.

Mama_Mayai:
Naongezea upande wa jike, maana lawama zote anabebeshwa dume.

Kamua jike mmoja, gawa mayai yake kwenye sahani tatu kavu, kama 200 kila moja. Kila sahani ipe mbegu za dume tofauti. Rudia hivyo kwa jike wa pili ukitumia madume walewale. Dume akiharibu kwa majike wote wawili, kosa ni lake. Mayai ya jike mmoja yakikataa kwa madume wote, ama yamekomaa kupita kiasi kwa kuchelewa kukamuliwa ama hayajaiva. Yakikataa yote, chunguza namna unavyofanya kazi.

Usihesabu mapema sana. Yai ambalo halikurutubishwa linaweza kubaki angavu kwa saa kadhaa, likakudanganya. Subiri hadi kiinitete (kifaranga kinachoanza kuumbika ndani ya yai) kionekane ndipo uhesabu.

Halafu mpangilio wa hatua. Mbegu za kambale hazina kifuko cha vimeng'enya cha kutobolea ganda, kama ilivyo kwa samaki wengi wenye mifupa. Zinaingia kwa tundu moja dogo tu kwenye yai, na yai likishalowa tundu hilo linaziba ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo bakuli liwe kavu, mkono mkavu, tumbo la jike lifutwe kwa taulo. Mwaga manii juu ya mayai makavu, koroga taratibu kwa unyoya hadi yaenee, ndipo uweke maji safi yanayokaribia ujazo wa mayai. Koroga dakika moja, suuza, tandaza. Ukianza na maji, mlango unafungwa kabla mgeni hajafika.

Jicho_la_Hadubini:
Mama_Mayai kasema kweli. Nimalizie utoaji na utunzaji.

Korodani ikitoka, ifute damu na mkojo kwa karatasi laini kabla ya kuikata. Mkojo wa samaki wa maji baridi ni mwepesi sana, unaamsha mbegu kama maji. Nyuma ya korodani utaona vijisehemu kama vidole: hivyo ni vifuko vya shahawa, vina ute mwingi na mbegu chache. Viondoe. Kisha chana korodani kwa wembe na ukamulie kwenye shashi.

Kuhusu friji: nyuzi 4 ni sawa, lakini mbegu zinapumua. Kichupa kilichojaa hadi mdomoni na kufungwa kinazinyima oksijeni. Weka safu nyembamba, milimita chache tu, kwenye chombo kipana chenye nafasi ya hewa, funika bila kukaza. Usigandishe, kugandisha bila dawa za kinga kunapasua seli. Ndani ya saa 24 unaweza kutumia, lakini pima kwa hadubini kila mara kabla ya kumwaga.

Vifaranga_Kwanza:
Asanteni sana. Nikichanganya manii ya madume wanne pamoja nitakuwa salama zaidi?

Mama_Mayai:
Hapana, ndugu yangu. Mbegu zinashindana, na dume mwenye mbegu za kasi anaweza kuzaa karibu vifaranga wote. Utadhani una baba wanne, kumbe ni mmoja, na ukichagua wazazi wa kizazi kijacho humo unaozesha ndugu kwa ndugu. Gawa mayai, kila fungu na dume wake, maji uongeze kila bakuli peke yake, halafu changanya baada ya kusuuza.