Mjadala: Plagi za ndege za mwanzo zilistahili kuaminiwa kwa kipimo cha maabara pekee?

Mwenzetu aliyeanzisha mada anashikilia kwamba plagi (kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya silinda ya injini) iliyofaulu vipimo vya maabara wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilistahili kuaminiwa angani, na kwamba kufunga plagi mbili katika kila silinda ulikuwa woga wa marubani tu. Naomba kutofautiana naye, ingawa sehemu ya hoja yake naikubali.

Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la fundi pikipiki amekiona kipimo chenyewe: plagi inafunguliwa, inalazwa juu ya silinda hedi ikiwa bado kwenye waya wake, kiki inapigwa, na cheche ya buluu ikionekana fundi anatamka kuwa ni nzima. Inarudishwa, na pikipiki inakohoa vilevile. Hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda inadai volti nyingi zaidi ili cheche iruke mwanya uleule, na kauri inayozuia umeme kwenye plagi ikiwa na ufa mwembamba au imetandwa na masizi, umeme hupita huko badala ya kuruka.

Bureau of Standards ya Washington, taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, ililijua hilo, ndiyo maana ikapima cheche ndani ya hewa ya mgandamizo, ikapima uvujaji wa gesi, na ikapima pia jinsi kauri inavyopoteza uwezo wa kuzuia umeme inapopata moto. Hapa namkubalia mwenzangu kwamba plagi mbovu zilichujwa. Lakini plagi iliyopita kwenye chujio haijathibitishwa kuwa itadumu. Katika injini za kuzunguka kama Gnome, ambazo silinda zake zilizunguka pamoja na rafadha, zilizolainishwa kwa mafuta ya nyonyo, rubani aliyekata umeme ili ateremke aliweza kukuta plagi zimelowa mafuta anapoutaka tena, hata kama zilitoka kiwandani siku hiyohiyo.

Tuchukue safari ya rubani Mmarekani Charles Lindbergh ya Mei 1927, New York hadi Paris, saa 33 na nusu kwa injini moja ya Wright J-5C yenye silinda 9 na plagi 18. Hata tukikadiria mizunguko 1,500 tu kwa dakika, na cheche moja kwa kila mizunguko miwili, kila plagi ilitakiwa kutoa takriban cheche milioni 1.5. Ni meza gani ya maabara ingemhakikishia jambo hilo kwa plagi moja moja?

Isitoshe, plagi ya pili haikuwa ya akiba tu, kwa kuwa moto ukianzia pande mbili mchanganyiko huungua upesi na nguvu huongezeka.

Basi namuuliza mwenzangu: ikiwa kipimo cha maabara kilitosha, mbona hadi leo rubani wa ndege ya pistoni huzima magneto moja (mtambo unaolisha umeme seti moja ya plagi), kisha nyingine, na kutazama mizunguko inashuka kiasi gani kabla hajaruka?