Naomba ushauri: kaunta ya marumaru imepoteza mng'ao

Habari zenu wakuu. Kaunta yangu ya jikoni ni ya marumaru, na karibu na sinki pana mabaka meupe yaliyofifia pale maji ya limau yalipomwagika. Ukipitisha kidole unasikia ukwaruzo, kwa hiyo si doa la kusugua kwa sabuni. Asidi imekula jiwe lenyewe, maana marumaru ni kalsiamu kaboneti, madini yanayoliwa na asidi kama ya limau. Ukingoni pamemeguka kidogo, hapo naona gundi ya epoksi itatosha. Kinachonisumbua ni mng'ao. Je, nianze na msasa wa maji namba 400 nikipanda hadi 3000, au poda ya kung'arishia peke yake inatosha? Jiwe hili nalipenda sana, sitaki kulibadilisha. Aliyewahi kuifanya kazi hii anielekeze tafadhali.