Tupeane uzoefu: mwenye nacho ana deni kwa asiye nacho?

Wakuu, tuache siasa kidogo. Mtu akijenga Muyenga, mtaa wa matajiri hapa Kampala, husema ni jasho lake, basi. Mimi nasema ada ya mtoto wa jirani ni wajibu wake, wala si hisani. Aliyewahi kutoa au kupewa atusimulie. Majina ya watu tuyaache.

Mwana wa Yumbe: 2016 wakimbizi wa Sudan Kusini walipomiminika, Bidibidi, makazi yao ya leo hapa Yumbe, ilikuwa pori tu. Wazee walikaa kikao, wakatoa ardhi ya ukoo, hawakuuza. Baba yangu mdogo alikuwemo, na mpaka leo analala nyumba ya nyasi. Tajiri? Mbele ya mama aliyefika na mtoto mgongoni na sufuria moja, alikuwa nacho. Ila sasa kuni zimeisha, na mataifa yenye pesa yanatupigia makofi tu.

Muuza mchele, Kisenyi: Kwetu hilo halina mjadala. Mali ikifika nisabu, kiwango cha chini cha kutolewa zaka, na mwaka ukapita, 2.5% si yako tena. Bosi wangu wa zamani kila Ramadhani alinipa daftari, tukahesabu magunia mpaka yale ya stoo ya nyuma yaliyoanza kuingia fukusi. Halafu bahasha zinapelekwa majumbani usiku, hataki foleni ya maskini mlangoni. Na hakusubiri kuona huruma. Huruma ina siku zake bwana!

Nesi wa zamu: Mnanichekesha. Mshahara ukiingia tu, simu za ukoo: “dada, tuma na ya kutolea.” 2018 serikali ikaongeza kodi ya mobile money, nayo nikaibeba mimi. Mimi ndiye tajiri wenu? Wenye mailo, ile ardhi ya hati ya kudumu ya Buganda, wako wapi?

Mjukuu wa Luweero: Nesi, mmoja nimemwona. Bibi yangu ana kibanja, yaani kipande anachokalia bila hati, kwenye ardhi ya mailo. Mwenye ardhi alipopata mnunuzi, aligoma kusaini mpaka kibanja cha bibi kipimwe na kukatiwa hati yake, gharama za mpima juu yake. Wanawe walinuna. Akawaambia babu yao hakuinunua, aligawiwa baada ya Mkataba wa 1900 wa Waingereza na Buganda, sasa jasho gani wanalolililia?

Nesi wa zamu: Huyo sawa. Mwambieni na wa kwetu Mukono, ametuletea greda.