Kompyuta za bei nafuu kwa shule ya kijijini isiyo na umeme wa gridi: tuanzie wapi?

Mwalimu wa Kilindi
Salaam, wanajukwaa. Ninafundisha katika shule ya sekondari wilayani Kilindi, mkoani Tanga, mahali ambapo nguzo za umeme hazijatufikia na mtandao wa simu hupatikana kwa kubahatisha. Wazazi na wahitimu wetu wamechanga shilingi milioni 3 kwa ajili ya kompyuta, na tayari tunayo betri moja ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, inayochajiwa kwa paneli ya sola. Kamati imegawanyika: wapo wanaotaka kompyuta za mezani zilizotumika, na wapo waliosikia habari za Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, wakaamua kwamba hakuna kompyuta ya bei ya chini kuliko hiyo. Naomba ushauri.

Fundi wa Msamvu
Mwalimu, kabla kamati haijauliza bei, iulize wati. Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na skrini yake inaweza kula wati 100, kwa hiyo kumi zitataka wati 1,000, ilhali betri yenu ina wati-saa 1,200 (volti 12 mara ampea-saa 100), na inafaa mtumie nusu yake tu, kwa kuwa betri ya asidi ikikamuliwa hadi chini hufa mapema. Hamtamaliza hata kipindi kimoja. Kompyuta mpakato zilizotumika hula takriban wati 25 kila moja, na betri zake za ndani, hata zikiwa zimechoka, humpa mwanafunzi nafasi ya kuhifadhi kazi yake umeme unapokatika. Fahamuni pia kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Msiogope kuzinunua, ziwekeeni Linux Mint, mfumo endeshi mbadala wa Windows ambao ni wa bure na huja na LibreOffice, programu ya kuandikia na kufanyia mahesabu.

Mkutubi
Ile bei ya dola 35 iliyoipa Raspberry Pi sifa ilipotoka Uingereza mwaka 2012 ilikuwa ya bodi tupu, bila skrini, kibodi, kipanya, chaja wala kadi ya memori. Ukivijumlisha vyote, unafuu unayeyuka. Hata hivyo nunueni moja tu, iwe seva ya darasa: wekeni humo Kolibri, programu ya masomo yasiyohitaji intaneti, na Kiwix, ya kusomea Wikipedia bila intaneti, mpakue masomo na Wikipedia nzima ya Kiswahili mkiwa mjini, kisha kompyuta zote zisome kwa Wi-Fi ya ndani bila bando hata senti moja. Masomo mengi ya Kolibri yako kwa Kiingereza, jambo ambalo kwa sekondari si kikwazo kikubwa. Umeme ukikatika ghafla kadi ya memori huharibika, kwa hiyo tumieni diski ya SSD.

Mstaafu wa Elimu
Ndugu zangu mmezungumzia mashine vizuri, lakini mwalimu wa kuzitumia hajatajwa. Mradi wa One Laptop per Child, wa kumpa kila mtoto kompyuta mpakato, ulioanzishwa na Nicholas Negroponte uliahidi kompyuta ya dola 100, ikaishia karibu dola 200. Peru ilinunua zaidi ya 800,000, na utafiti uliotolewa mwaka 2012 haukuona watoto wakiboreka katika hisabati wala lugha. Papo hapo mkoani Tanga, shindano la Global Learning XPRIZE, la kutengeneza programu za kuwafundisha watoto kusoma, liligawa vishikwambi katika vijiji 170, vikiwa na masomo ya Kiswahili na vituo vya kuchajia kwa jua, na watoto ambao wengi wao hawakuwa wamekwenda shule walianza kusoma. Kwa maoni yangu, tofauti ililetwa na masomo yaliyokuwa ndani ya kifaa na mahali pa kukichaji. Tengeni sehemu ya fedha kwa mafunzo ya walimu wawili na kwa vipuri, hata kama mtapata kompyuta saba badala ya kumi.

Mwalimu wa Kilindi
Nashukuru sana, wazee wangu. Nitaipelekea kamati pendekezo la kompyuta mpakato saba na seva moja. Je, tuongeze betri ya pili ya asidi kando ya hii ya zamani?

Fundi wa Msamvu
Hapana, betri mpya ikifungwa pamoja na kuukuu huvutwa chini na mwenzake. Vipindi vyenu ni vya mchana, kwa hiyo ongezeni paneli kwanza, baada ya kuhakikisha kwamba kidhibiti chaji mlicho nacho, yaani kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, kinaweza kuihimili.