Vitabu vya nyongeza vilivyosahaulika: mna kipi cha kukirudia?

Kaskazi_Magomeni
Wakuu, salaam. Jumamosi baada ya magharibi huwa tunakaa watu watano sebuleni kwangu tunacheza michezo ya kuigiza wahusika kwa maneno na dadu, mimi ndiye msimulizi. Dungeons & Dragons tumeicheza mpaka vijana wanajua zimwi lina nguvu kiasi gani kabla sijafungua mdomo. Sasa natafuta vitabu vya nyongeza vya michezo hii, vya zamani, vile vilivyotoka, vikapita, watu wakavisahau. Ramani sitaki, ninazo za kufungia maandazi. Nataka kitabu ambacho kikifika mezani watu wanabadilika tabia.

Naanza mimi: Al-Qadim, dunia ya kuchezea yenye sura ya Uarabuni. Kitabu cha kwanza, Arabian Adventures, kiliandikwa na Jeff Grubb, kampuni ya TSR ikakitoa 1992 kwa kanuni za toleo la pili la AD&D, yaani Advanced Dungeons & Dragons. Miaka hiyo TSR walikuwa wanamwaga dunia mpya kila ukigeuka, na hii ikafunikwa na nyingine.

Nilikifungua kwa dharau, nikijua nitakutana na ngamia, taa na mazulia yanayopaa. Vyote nimevikuta. Lakini kuna mchawi mmoja humo anaitwa sha'ir. Kwa Kiarabu huyo ni mshairi, na neno letu shairi limetoka ukoo huohuo. Kwenye mchezo amekuwa bwana wa majini, sijui walifikaje huko. Huyu hakariri uchawi kitabuni. Ana kijini chake, gen, anakituma kikamtafutie uchawi anaoutaka. Kinaondoka. Uchawi ukiwa mzito kinachelewa, na kinaweza kurudi mikono mitupu.

Mpwa wangu alikituma kikalete moto, fisi wako hatua kumi. Narusha dadu nyuma ya kawa la kufunikia chakula, ndilo pazia langu. "Mjomba, kimerudi?" Bado. "Sasa je?" Bado. Zamu ya tatu hakuna aliyekuwa anacheka, na yule wa upanga ameshaanguka. Kikarudi na moto wakati fisi wameondoka na mfuko wa chakula. Kijana akaanza kukigombeza kama kondakta aliyemzidishia nauli. Wamekipa jina, Subiri, na sasa kila kikao mtu anauliza Subiri anaendeleaje.

Ile orodha ndefu ya aina za wahusika mwanzoni mwa kitabu inachosha, ruka tu. Haya, leteni vyenu.

MjukuuWaReli
Kaskazi, hiyo ya Subiri nimeiiba. Mimi niko Nairobi, kikundi chetu kinacheza Call of Cthulhu, mchezo wa aina hiyohiyo ila wa kutisha. Wengi wanaijua Kenya ya mchezo huo kupitia kitabu cha Masks of Nyarlathotep cha 1984, ambacho kina sura nzima ya huku. Ila kuna Secrets of Kenya ya David Conyers, 2007, na sijakutana na mtu wa huku anayeitaja. Ni koloni la miaka ya 1920, limejaa mambo ya kutisha.

Nilichofanya ni kugeuza nani anacheza. Badala ya wageni kutoka Marekani, wachezaji wangu ni mpishi, karani wa reli na mkalimani, na kila mmoja ana kipande shingoni, kile kitambulisho cha lazima cha enzi za mkoloni, kwenye kibweta chake cha bati. Nimewatengenezea vya karatasi. Ukikipoteza, hutoki mjini. Kikao cha pili niliwaweka Machi 1922, umati uko nje ya kituo cha polisi unadai Harry Thuku, yule mpinga ukoloni, aachiliwe. Pepo la kitabuni likabaki kitabuni usiku huo. Hatukulihitaji.

FundiDadu_Tanga
Mimi nitachekwa. Aurora's Whole Realms Catalogue, 1992. Ni kitabu kizima kilichoandikwa kama katalogi ya duka ndani ya dunia ya Forgotten Realms: nguo, vyakula, vifaa, na bei zake. Nani anunue kitabu cha bei za kamba?

Nikakaa kama muuza duka. Binti yangu akauliza bei ya kamba, nikamtajia ya katalogi. Akasema, "Hiyo ni ya mzungu, nitajie ya kwangu." Saa nzima hatukutoka dukani. Walipotoka walikuwa na kamba, jibini moja wasiyojua ya nini, na deni.

Mgeni_wa_Dadu
Shikamooni. Kaka Kaskazi, hiyo Al-Qadim ni ya toleo la pili, sisi tunacheza la tano. Itaingiaje?

Kaskazi_Magomeni
Marahaba. Usihamishe kanuni zote, utachoka ukurasa wa kumi. Chukua kijini tu. Mchawi wako mnyang'anye orodha ya uchawi, aombe anachotaka. Uchawi mdogo, rusha dadu ya pande sita kila zamu, ikitoka tano au sita kimerudi. Uchawi mkubwa, sita peke yake. Moja ikitoka, kimepotea njia, anza upya. Hesabu hii ni yangu, ya kitabuni ni ndefu zaidi. Na usimwonyeshe dadu hata akikulilia.

@FundiDadu katalogi naijaribu Jumamosi hii, mpwa wangu ni mbahili kuliko binti yako. Nitaleta mrejesho. @MjukuuWaReli, hivyo vipande umeviandika nini ndani?